Baiskeli ya Sita

Sadalla wa Nguvumali alikuwa na baiskeli tano, na kila mahali alikwenda kwa miguu. Msimcheke upesi. Tanga ni mji wa baiskeli, na mwenye tano alitakiwa awe mtu wa raha zake. Taabu ni kwamba Sadalla, fundi umeme mstaafu wa miaka sitini na moja, hakujua kumwambia "hapana" mtu aliyekuja kuazima. Na asiyejua kusema "hapana" hajui pia kusema "nirudishie."

Foniksi yake nyeusi ilikuwa kwa Mzee Mwinyijuma, muadhini, aliyeiazima Ramadhani ya mwaka juzi ili awahi adhana ya alfajiri. Ramadhani ikaisha, Idi ikaliwa, na alfajiri zikaendelea kuja. Nyingine ilikuwa Muheza, shemeji yake Maulid akibebea machungwa. Ya tatu aliichukua nesi Praxeda, mpangaji wa nyumba ya jirani, kwa zamu moja tu ya hospitali. Na zamu, kama mjuavyo, haziishi. Ya nne aliiazima bwana mmoja aende nayo harusini Ushongo kwa siku mbili. Huko harusini akaona mchumba, akaoa, akakaa, na baiskeli ikakaa naye inabeba samaki. Ya tano ilikuwapo nyumbani, haki ya Mungu ilikuwapo, imeegemea ukuta wa uani. Ila gurudumu lake la mbele lilikuwa limeazimwa.

Wala msidhani hakujaribu kuzidai. Alijaribu kiungwana, yaani alikwenda kutembea. Alifika kwa Mzee Mwinyijuma, akapiga hodi, akaamkia, akaulizia watoto, mgongo, mvua. Akaletewa kahawa na kashata. Akaitazama Foniksi yake pale ukumbini, akasema, "Mashallah, baiskeli inatunzwa." Mzee akajibu, "Tunajitahidi, mwanangu." Kahawa ikaisha, akaaga. Safari yake ya mwisho ya namna hiyo alirudi bila baiskeli, na mwavuli aliokwenda nao aliuacha kwa shemeji wa muadhini aliyekuwa anatoka na mvua inanyesha.

Basi mtu huyu huyu ndiye aliyeingia nyumbani Jumatatu moja, uso unang'aa kama wa bwana harusi, akamwambia mkewe Mastura kwamba amefikiri sana na ameona wanahitaji baiskeli.

Mastura alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuinua macho.

"Wanahitaji akina nani?"

"Sisi. Mie."

"Baba Khairat, baiskeli unazo tano."

"Ninazo na sinazo."

"Na hilo ni kosa la baiskeli?"

Sadalla alikuwa amejiandaa. Njia nzima kutoka Barabara ya Nane, ambako Fanueli huuza baiskeli za mtumba kutoka Japani, alikuwa akizipanga hoja zake. Alisema zile tano zote zina bomba la juu, na yeye Ijumaa huvaa kanzu. Mtu mzima avushe mguu juu ya bomba na kanzu mbele ya watu, heshima iko wapi? Hii ya Fanueli haina bomba, mtu anaingia tu kama anaingia mlangoni. Tena ina gia tatu, na goti lake la kushoto limechoka na baiskeli zisizo na gia. Mastura akamkumbusha kwamba Tanga ni tambarare, hicho kilima kiko wapi? Sadalla akasema kuna upepo. Akasema ina kikapu mbele, atakwenda nayo sokoni. Akasema ni ya kijani. Mwenyewe alijua kijani si hoja, lakini hasa ndicho kilichokuwa kimemwibia moyo, kwa hiyo akakirudia.

"Na ikishaingia hapa," Mastura akasema, "wiki ya kwanza anaiazima nani?"

"Hii siazimi mtu. Wallahi."

"Usiape."

Mastura akaweka kifuu chini. Alikuwa Mpemba wa Wete, mwanamke wa maneno machache, na alimjua mumewe vilivyo. Hakuwa mfujaji wala mlaghai, alikuwa na haya kupita kiasi tu, na haya hiyo ilikuwa imeshatoka nje na ngazi yao, seredani yao ya mkaa na sufuria kubwa ya pilau.

"Nunua," akasema. "Lakini tuwekeane sharti. Siku nikisikia hii nayo imeazimwa, utavaa viatu uende nyumba moja moja ukazidai zote. Si kwa kahawa. Useme kwa ulimi wako, nataka baiskeli yangu. Na mie n'takuwa nyuma yako nasikiliza."

Jasho lilimtoka Sadalla. Kumdai mtu kitu mbele ya uso wake! Afadhali angeambiwa apande mnazi bila nguo. Lakini alikwishaipenda ile baiskeli, na mapenzi hayana macho. Akakubali, na kabla ya alasiri alikuwa Barabara ya Nane anaifuta vumbi kwa kanga aliyoichukua bila ruhusa.

Siku tatu alikula raha. Alikwenda nayo dukani kununua kiberiti kimoja, akarudi, akaenda tena kununua cha pili. Siku ya nne, baada ya swala ya magharibi, alikuwa kwenye baraza ya msikiti na wenzake, na Badru mwenye duka akamwekea mkono begani.

"Yakhe Sadalla, chombo kipya hicho! Kesho asubuhi n'na safari ya Chumbageni. Mara moja tu, kwenda na kurudi."

Kinywa cha Sadalla kilifunguka chenyewe, na neno "chukua" lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Ndipo akamwona Mastura, moyoni mwake lakini wazi kabisa, amesimama nyuma yake na viatu mkononi.

"Si yangu," akasema.

"Si yako? Ya nani?"

"Ya Mama Khairat. Nimempa mke wangu."

Badru akauondoa mkono wake begani. Hakuna asiyejua kwamba mtu haazimishi kisicho chake, na cha mke wa mtu hakiombwi barazani. Wengine wakaitazama baiskeli, wakaona kikapu, wakaona haina bomba, wakatikisa vichwa; ni ya kike kweli. Sadalla akarudi nyumbani anaimba. Miaka yote hiyo hakujua kukataa kulikuwa kwepesi namna ile.

Tangu hapo ile sentensi ikawa dawa yake. Alimwambia nesi Praxeda, alimwambia Fanueli mwenyewe aliyeiuza, na wiki ya pili akawa anawaambia hata wasiouliza. Watu walipomwona juu yake alisema, "Mke wangu kaniazima, Mungu amjaalie," nao wakaona hayo ni mahaba ya uzeeni yanayopendeza. Kwa Mastura hakusema kitu. Aliona hakuna haja ya kumsumbua mwanamke na mambo ya barazani.

Ikafika Ijumaa. Baada ya swala imamu akasimama kutoa mawaidha, na siku hiyo alizungumzia wema wa waume kwa wake zao. Sadalla alikuwa safu ya pili, amestarehe, anasikiliza mambo ambayo aliamini yanawahusu wengine.

"Mifano tusiitafute mbali," imamu akasema. "Humu humu tunaye ndugu yetu Sadalla. Kampa mkewe chombo cha kupandia, na yeye mwenyewe akitaka kwenda mahali, humwomba. Humwomba, ndugu zangu!"

Vichwa vyote vikageuka. Sadalla akainamisha chake, na watu wakaona ni unyenyekevu. Mzee Mwinyijuma alifuta chozi. Kilichomwinamisha Sadalla hasa ni spika nne za juu ya mnara, ambazo Ijumaa hufunguliwa mpaka mwisho, na nyumba yake haikuwa mbali na mnara huo.

Alirudi polepole, anaikokota baiskeli. Mastura alikuwa kibarazani, na pembeni yake Sabiha, jirani, aliyekuja mbio na mwiko bado mkononi. Sabiha alipomwona akapiga kigelegele.

"Baba Khairat," Mastura akasema kwa upole uliomtisha. "Nimesikia kwenye spika kwamba nimepewa baiskeli."

"Ah, yale yalikuwa maneno tu ya..."

"Ulisema mbele ya watu, hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema umenipa?"

"Nilisema nimekupa."

"Na mie nimekubali. Sabiha, shahidi." Akanyoosha kiganja. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kule Wete, naye Mastura alijua fika kwamba zawadi haijawa zawadi mpaka ikabidhiwe. "Ufunguo."

Sadalla alimtazama Sabiha, akautazama mwiko, akatia mkono mfukoni mwa kanzu. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wa Sadalla uliponza miguu. Akauweka ufunguo wa kufuli kwenye kiganja cha mkewe, na kigelegele cha pili kikasikika mpaka dukani kwa Badru.

Hata hivyo hakukata tamaa. Alijiambia, huyu ana miaka hamsini na sita, ataifanya nini? Itakaa uani, na kesho nitaiomba. Alikuwa bado anajiliwaza hivyo Mastura alipofunga mtandio wake vizuri, akalikusanya baibui, akabonyeza matairi yote mawili kwa kidole gumba, akainua pedeli kwa ncha ya mguu na kuondoka.

Alipita kwenye uchochoro bila kugusa ukuta. Akazunguka msikiti. Akawapigia kengele kuku wa Sabiha, wakatawanyika. Aliporudi alishuka taratibu, anahema, na uso wake Sadalla hakuwa ameuona vile tangu siku aliyozaliwa binti yao.

"Umejifunzia wapi?"

"Wete. Baba alikuwa nayo. Nilikuwa nikiwapita kaka zangu wote."

"Miaka thelathini na mbili hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Mastura alikuwa bado ameshika usukani. "Kila aliyeingia mlango huu na shida yake ulimuuliza, safari yako ya wapi, mguu unakuuma, haya chukua. Mie nimekwenda sokoni Mgandini na kurudi na jua hili, mizigo mikono miwili, napishana na watu juu ya baiskeli zako, wananisalimia kwa adabu. Nilikuwa naumia, Sadalla."

Jina lake alilitaja mara chache sana. Sadalla alizoea kuwaonea haya majirani, lakini kumwonea mkewe aibu lilikuwa jambo jipya, na lilimchoma.

"Kesho alasiri nakwenda Raskazone kupunga upepo," Mastura akasema. "Anayetaka twende wote, na aje na baiskeli yake."

"Si unipakie nyuma?"

"Mzito wewe."

Sasa mtu mwingine angejua la kufanya. Sadalla, asubuhi ya Jumamosi, miguu ilimpeleka moja kwa moja Barabara ya Nane. Kwa Fanueli kulikuwa na ya buluu, ina gia sita. Alipokuwa anavuka barabara alishaanza kupanga: mume na mke wawe na za aina moja, spea zitaingiliana, tena buluu haishiki uchafu, tena... Alijisikia mwenyewe. Alisimama katikati ya barabara mpaka akapigiwa honi, kisha akageuka akarudi Nguvumali kwa hatua za mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Mzee Mwinyijuma alikuwa amekaa ukumbini, na Foniksi iko pembeni yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, kahawa inakuja."

"Sitaki kahawa." Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nataka baiskeli yangu."

Sadalla akafumba macho. Urafiki wa miaka ishirini, aliwaza, basi umekwisha hapa, na mazikoni watasema ulikwisha kwa ajili ya baiskeli.

"Alhamdulillahi," Mzee Mwinyijuma akasema, kisha akamwita mkewe aliye ndani kwa sauti ile ile ya adhana, "Mama Wanu! Kaja kuichukua!"

Sadalla akafumbua macho.

"Mwaka mzima siipandi, mgongo umekataa," mzee akamwambia. "Kila nikiamka kutawadha najigonga nayo. Nilitaka kuirudisha, lakini kila ukija unaniambia mashallah inatunzwa. Nikasema huyu kanipa kabisa, nikimrudishia nitamvunja moyo. Mbona hukusema?"

"Na wewe mzee, mbona hukusema?"

"N'na haya, mwanangu," akasema muadhini.

Waliisafisha pamoja. Mnyororo ulikuwa umeshika kutu, na ilihitajika chupa nzima ya mafuta ya cherehani ya Mama Wanu. Saa kumi na nusu, baada ya swala, Mzee Mwinyijuma aliishika Foniksi kwa mikono miwili, na Sadalla, suruali ameikunja mpaka kwenye shavu la mguu, akavusha mguu juu ya bomba. Mara ya kwanza haukupita. Mara ya pili ukapita.

Mastura alikuwa anangoja kwenye kona, mguu mmoja chini. Aliiona Foniksi, akamwona aliye juu yake, akageuza uso upande wa pili kidogo. Wakaondoka. Mpaka barabara kubwa walikwenda pamoja, kisha Mastura akabadilisha gia, baibui likajaa upepo, na akaanza kumwacha. Sadalla alikanyaga kwa nguvu zake zote. Goti lililia na mnyororo ukalia. Mgongo wa mkewe ulizidi kuwa mdogo mbele yake, na aliona kwamba angeweza kuvumilia kimya kimya mpaka Raskazone, kama alivyovumilia mambo yote, kisha afike huko na kusema mashallah, una mbio.

"Mastura!" akapiga kelele, na wapita njia wote wakageuka. "Ningoje! Nataka twende sambamba!"

Mastura akafunga breki, akaweka mguu chini, akamngoja.