Gauni la Bikira Limelowa Tena

Kila Jumamosi alasiri mlango wa kanisa la Santa Prisca hufungwa kwa komeo, wanaume hutolewa nje, padri akiwemo, na wanawake watatu huibadilisha nguo sanamu ya Bikira Maria. Chini ya gauni, Bikira wetu hana mwili. Ana kichwa, mikono miwili, na katikati fito za msonobari zilizofungwa kama tundu la kuku. Wanawake wanajua, wanaume hawajui, na hakuna anayeuliza.

Jumamosi hiyo gauni la buluu lilikuwa limelowa kifuani.

"Tena!" alisema Doña Herlinda, mkubwa wa wavishaji, akalinusa. "Maziwa. Huyu Domitila hasuuzi."

Domitila ndiye aliyefua nguo za Bikira mtoni. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekatika, na mtoto aliyembeba mgongoni alikuwa akiishi kwa uji mwepesi wa mahindi. Mtoto huyo alikuwa na masikio ya Don Crescencio, mume wa Doña Herlinda, na kidevu chake, na hata namna yake ya kununa. Mji mzima ulikuwa umeona ukanyamaza. Mtoto hakuwa na jina, kwa kuwa kwetu jina hutolewa kwenye ubatizo, na padri habatizi mtoto asiye na msimamizi. Don Crescencio alikuwa ametangaza sokoni kwamba atakayemsimamia mtoto huyo asilete mahindi kwenye mashine yake. Mashine ya kusaga ni hiyo moja tu.

Mtoto akalia nje, Domitila alikokuwa akingoja. Gauni likalowa hadi kiunoni.

"Akilia huko, huku linalowa," alisema Chona, mdogo wa wavishaji.

"Basi mwiteni mama yake amnyamazishe, hariri itaharibika," alisema Doña Herlinda.

Domitila akaingia, akamshusha mtoto. Mtoto alijivuta hadi kwenye fito, akatafuta, akapata, akanyonya. Hakuna aliyepiga magoti. Doña Herlinda alikinga chupa, akachukua maziwa kidogo ya kusugulia goti lake bovu, lakini yaliganda kabla hajaifunga. Hilo lilimuudhi kuliko yote.

"Doña Herlinda," alisema Domitila, "Mama mwenyewe amempokea. Nitafutieni msimamizi mmoja tu, mwanangu apate jina kabla ya sikukuu."

"Yeye ni mama wa wote, ndiyo kazi yake. Hata mbwa wa sokoni ni wake. Mimi mume wangu ni mmoja."

"Mimi naweza kusima..." alianza Chona.

"Na mahindi ya mikate yako ya tortilla utayasaga kwa meno?"

Chona akainama, akaendelea kubana lesi kwa pini. Nisiseme uongo, mioyo ya watu wa hapa ni migumu kuliko zile fito.

Wakapanga utaratibu. Mtoto aletwe kunyonya kwa mlango wa nyuma, kabla ya misa, asionekane. Doña Herlinda mwenyewe alipasua gauni kifuani, akatia vifungo, na mshono wake ulikuwa safi kabisa.

Siku ya sikukuu, kwenye maandamano, Don Crescencio alimbeba Bikira begani, kwenye mti wa mbele wa machela, kama kila mwaka. Walipofika sokoni mtoto alilia katikati ya umati. Maziwa yakachuruzika kutoka kwenye gauni, yakampata Don Crescencio utosini, yakashuka kwenye masikio yale, yakadondoka kidevuni. Wimbo ukakatika. Watu wakamtazama yeye, wakamtazama mtoto.

Domitila alisubiri. Laiti Don Crescencio angesema neno moja tu.

"Mvua," alisema Don Crescencio, akajifuta kwa leso.

Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Padri alitazama juu, akasema ni kweli, majira ya mvua yamewahi. Watu wawili watatu wakafungua miavuli, kisha wote, na wimbo wa Mama mwenye upendo ukaendelea chini ya miavuli hadi kanisani. Chona aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumamosi iliyofuata Domitila alirudisha gauni. Doña Herlinda alilinusa.

"Leo umesuuza," alisema.

Kisha akafungua mlango wa nyuma. Mtoto alikuwa amenenepa, na kadiri alivyonenepa ndivyo alivyozidi kufanana na babake.

"Haya, Wewe," Doña Herlinda alimwambia, maana ndivyo walivyokuwa wakimwita wote. "Nyonya upesi uondoke."