Hiba Hajui Kupiga Kelele

Bwana Mumo, mpimaji wa wachezaji kutoka Nairobi, nilimdharau tangu aliposhuka garini. Alinikuta nimekaa kwenye mkeka wangu ukingoni mwa uwanja, mtu mzima, nimejistiri na buibui langu, akaniambia, "Sasa, mama," kisha akapita. Sasa nini? Hujambo hakuna, umeamkaje hakuna, za nyumbani hakuna. Nikamjibu, "Alhamdulillahi, sote wazima, nawe pia mwanangu," nikizungumza na mgongo wake.

Mimi pale nilipelekwa na Hiba, mtoto wa marehemu dada yangu. Msichana wa mtaani kwetu Kibokoni haendi Kizingo peke yake kusimama uwanjani mbele ya wanaume wageni, na babake, Khubaib, haachi duka lake la vitambaa hata aitwe na nani. Basi mimi halati yake, magoti yangu haya, ndiye niliyepanda tuktuk na thamosi ya kahawa kwenda kutazama besiboli. Wallahi sijaona upuuzi kama ule. Mtu anapiga mpira kwa gongo, anakimbia kama amefunguliwa mbwa, anazunguka uwanja mzima, na akifika mwisho yuko pale pale alipoanzia. Na watu wanampigia makofi!

Lakini siku ile haikuwa ya kuchekwa. Bwana Mumo alikuja kuchagua msichana mmoja, mmoja tu, apelekwe chuo cha ng'ambo akacheze na kusoma. Khubaib alikuwa ametoa neno lake. Hiba akichaguliwa, aende na radhi zake. Asipochaguliwa, mchezo basi, aje dukani akate vitambaa mpaka apate mchumba. Asubuhi mtoto alikunywa chai tupu, mahamri akayaacha sahanini, na Hiba si mtu wa kuacha mahamri.

Bwana Mumo alianza kwa kumzunguka, akimtazama juu hadi chini kama mbuzi wa idi.

"Mfupi," akamwambia Mwalimu Nanjala, anayewafundisha mchezo huo shuleni. "Na mikono miembamba."

Na Hiba yupo hapo hapo anasikia! Mwenyewe kitambi kimemtangulia, kusimama tu anahema, lakini ndiye wa kuwatia watu ila. Kisha akatoa kidude kama bunduki, akawa anakielekeza kila Hiba akirusha mpira, eti anapima kasi. Akikitazama anaguna. Hasemi neno, anaguna tu.

Hiba mahali pake ni pale kati ya kituo cha pili na cha tatu, ambapo mipira mingi hupigwa chini kwa chini, kwa nguvu, na uwanja wenyewe una mawe. Mimi mchezo siujui wala sitaki kuujua, lakini macho ninayo. Mpira ukigonga jiwe ukaruka upande, mkono wa Hiba ulikuwa umeshafika. Anaudaka, anageuka, anautupa kwa mwenzake kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika nusu ya njia. Mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Mwisho nikajikuta nasema mashallah kwa sauti.

"Si mbaya," akasema Bwana Mumo.

Si mbaya! Si mbaya huambiwa chai ya hotelini.

Kisha ikaja mipira ya juu. Kituo cha tatu alikuwa amesimama Mwalimu Nanjala mwenyewe, maana Ketty, anayesimama hapo siku zote, alikuwa ameteguka mguu. Mpira ukapigwa juu sana, ukawa unashuka baina ya Mwalimu na Hiba. Kanuni yao ni kwamba anayetaka kuudaka apige kelele, "Yangu!", ili wengine wampishe, na mwenye kauli ya kwanza ni yule aliye mahali pa Hiba. Hiba alikuwa chini yake kabisa, glavu tayari. Mara akamwona Mwalimu naye anakuja. Akarudi nyuma hatua, akaweka mkono kifuani, akasema kwa upole, "Karibu, Mwalimu."

Mwalimu alikuwa amesimama akingojea hiyo kelele. Mpira ukaanguka katikati yao, puu!

Bwana Mumo alicheka mpaka akajishika kiuno. "Karibu? Huyu ni mchezaji au amekuja kupokea wageni?"

Wakarudia. Hiba akasema "yangu" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. Wakarudia tena, sauti ikazidi kuzama. Yule bwana akaanza kukusanya vidude vyake.

"Mwalimu, mikono anayo, siwezi kukataa. Lakini kule hawataki mabinti wa adabu. Anayesimama hapo lazima aamrishe wenziwe. Huyu hana mdomo. Nampa mpira mmoja wa mwisho kwa ajili yako tu."

Damu ilinichemka. Hiyo adabu nimemtia mimi. Mkubwa hapaziwi sauti, mlangoni hupishwa, sinia likiwekwa hungojewa aanze. Nilimfundisha hivyo, na nilimfundisha vizuri, na sihitaji kusahihishwa na mtu asiyejua hata kuamkia.

Hiba akaja kunywa maji, macho mekundu. "Halati, siwezi kumpigia Mwalimu kelele. Sauti haitoki."

"Basi isitoke," nikamwambia. "Nenda dukani kwa babako ukakate vitambaa kwa adabu. Nafasi wamuachie Ketty na mguu wake mmoja."

Nilimkata maini, najua. Alirudi mahali pake bila kumaliza maji.

Mpira wa mwisho ukapigwa vibaya. Ulikwenda juu, ukapinda, ukavuka mstari, ukawa unakuja upande wangu. Nikatazama juu, jua likanipiga machoni. Nikajaribu kuinuka, thamosi mkononi, goti likakataa.

"Yangu! Ondoka! Ondoka hapo!"

Sauti ile sijapata kuisikia nyumbani mwetu. Hakusema halati, hakusema tafadhali. Alikuja mbio, macho juu, wala hakunizunguka. Bega lake likanipata ubavuni, nikaenda chini mimi na thamosi yangu, kahawa yote ikanimwagikia. Nilipofumbua macho, mpira ulikuwa ndani ya glavu.

"Huyo!" Bwana Mumo alikuwa anarukaruka na kitambi chake. "Huyo ndiye ninayemtaka! Kumbe mdomo anao! Mwalimu, nimemchukua!"

Kama kuna bibi amevunjika nyonga, hilo halikumshughulisha, mshenzi yule.

Ndipo Hiba akateremsha macho akaniona. Uso ukambadilika. Akaitupa glavu, akapiga magoti mbele yangu, akautafuta mkono wangu aubusu. "Halati, niwie radhi. Halati, sikukuona, wallahi, niwie radhi..."

Nyuma yake nikamwona Bwana Mumo ametulia, anatutazama, na kicheko kinaanza kumpotea usoni.

Nikauficha mkono wangu ndani ya buibui.

"Mjinga we," nikamnong'oneza. "Ukinibusu mkono mbele ya mtu yule, atageuza neno lake sasa hivi. Inuka. Okota glavu yako, nenda kwa wenzako kama hunijui. Na usigeuke nyuma."

Alibaki amepiga magoti, ananitazama. Kisha akainuka, akaokota glavu, akaenda.

Hakugeuka. Tangu utoto wake, mtoto yule hajapata kulivunja neno langu.