Mikuki ya Kuzikia Chai

Miaka tisa sasa, tangu nistaafu udereva wa gari la posta, nimekuwa nikiwasomea watu magazeti dukani kwa Anyitike, Makandana. Ukurasa wa habari za nje ndio ulionipa raha. Watu wakiandamana Ulaya kupinga mkutano wa mataifa tajiri, gazeti liliandika "wahuni waliofunika nyuso," nami nikaongeza yangu: mmoja alitafuna tairi linalowaka, mwingine alimpiga kichwa farasi wa polisi, farasi akaomba radhi. Watu walicheka. Tulinagwe peke yake, mke wa rafiki yangu Ambindwile, aliwahi kuuliza, "Sasa wanataka nini hao?" Nilitafuta ukurasa mzima. Wanachotaka hakikuandikwa, na mimi sikukibuni.

Mwaka huu kiwanda kikatuambia bei ya chai imeanguka mnadani, huko nje, kwa hiyo magari hayatakuja kuchukua majani. Kule Kyimo tunakolima yalikaa kwenye magunia siku tatu, yakapata joto, yakawa meusi. Ambindwile, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima, akasema, "Basi chai amekufa. Tumzike."

Tukamzika kando ya barabara. Akina mama walijifunga khanga viunoni wakalia, sisi wazee tukacheza na mikuki kuzunguka kaburi, kama tulivyowazika baba zetu. Mikuki miwili ilikuwa yangu. Mmoja nilimpa Ambindwile, maana yeye hana.

Mwandishi wa gazeti, Godwin, aliyetoka Mbeya, akaniuliza, "Mzee, mikuki ya nini?"

Ningesema ni ya msiba, yangeisha. Lakini mdomo wangu mnaujua.

"Ya kumsubiri huyo Mzungu wa mnada," nikamwambia. "Tumeshapigiana simu na wenzetu wa Ulaya. Wao watamkamata wa kule, sisi wa huku."

Tulicheka wote. Hata Godwin alicheka, huku anaandika.

Gazeti halikuchapa kicheko. Ijumaa nililifungua dukani, ukurasa uleule wa nje, picha mbili. Juu mwanamke wa Ulaya ameinua bango, nyuma yake moshi. Chini Ambindwile ameinua mkuki wangu. Kichwa cha habari: "Wapinga utandawazi wachachamaa." Chini ya picha yake maneno yangu, kwa jina lake. Kaburi halikutajwa. Chai yenyewe haikutajwa.

Jumamosi polisi wakaja kumchukua Ambindwile.

Tulinagwe alifika kwangu amelowa. "Tata," aliniita, yaani baba, "nenda ukaseme."

Nikaenda kituoni. Nilimweleza afande wa zamu kila kitu bila kutia chumvi, mara ya kwanza maishani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, si wewe yule wa chatu aliyemeza gari la posta akatapika barua?"

"Ni mimi."

"Na stempu hazikulowa."

"Hazikulowa. Lakini hili ni kweli."

"Hata lile ulisema ni kweli." Akanisogezea gazeti. "Hapa pameandikwa, na picha ipo. Nenda nyumbani mzee wangu, mvua inarudi."

Nikalipelekea gazeti barua. Nikampigia Godwin, akasema wiki hii nafasi imejaa, labda nikipata picha mpya.

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu wamchukue. Chai ya Ambindwile haijachumwa, imeanza kuwa miti. Tulinagwe huja dukani kila asubuhi nimwangalizie kama wameandika chochote. Leo hawakuandika. Akalitoa lile gazeti la Ijumaa, lililochakaa kwenye mikunjo, akamwekea kidole yule mwanamke wa juu.

"Na huyu?"

"Huyo ni mhuni wa..." nikaanza, kwa mazoea. Nikavaa miwani vizuri. Kiunoni alikuwa amejifunga kitambaa cheusi.

"Amejifunga kama sisi," Tulinagwe akasema. "Alikuwa anazika nini?"

Nilimsomea habari yote, neno kwa neno. Polisi walisema. Waziri alisema. Mwenye duka lililovunjwa kioo alisema.

"Yeye?"

"Hakuulizwa."

Akalikunja gazeti taratibu, akalificha ndani ya khanga lisilowe, akatoka kwenda kituoni kumpelekea mumewe ndizi.