Mkono wa Kulia wa Dakika

Kitinda alikuwa akimfunga kaka yake, Dakika, vifungo vya shati, kuanzia juu kama mama yao alivyowafundisha, mlinzi wa kiwanda cha maboksi alipobisha hodi. Alikuwa ametoka zamu na hakutaka hata kukaa. Alisema amepita kuwajulisha tu kwamba mkono wa kulia wa Dakika unafika kazini kila asubuhi, unaweka kidole gumba kwenye mashine ya mahudhurio, mashine inasema asante, kisha unakwenda zake kwenye kisu.

"Saa ngapi?" Dakika akauliza.

"Kumi na mbili kasoro tano. Kama ulivyokuwa ukiingia mwenyewe."

Dakika aliridhika. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuchelewa, na ndiyo maana wenzake walimpachika jina hilo. Wiki tatu zilizopita kisu cha kukatia maboksi kiliuchukua mkono huo, chini kidogo ya kiwiko. Wenzake waliutia kwenye boksi namba nne, wakaliweka rafu ya juu, wakamkimbiza mwenyewe hospitali. Katika patashika ile hakuna aliyekumbuka kulibeba boksi.

"Afadhali haurandirandi," mama akasema. Alikuwa pembeni, akishona mikono ya kulia ya mashati yote ili isipepee. "Nilichokilea mimi hakiwezi kuzurura."

Kisu hicho kiliwahi kuwa na kinga, kipande cha chuma cha kuzuia vidole visifike kwenye makali. Msimamizi aliing'oa mwaka jana kwa kuwa ilichelewesha kazi, na kwa uzito wake akaona inafaa kuegesha mlango wa ofisi usibamizwe na upepo. Kila aliyeingia au kutoka aliiruka.

Dakika alitaka karatasi moja tu, yenye mhuri, iseme kwamba aliumia kazini. Bila karatasi hiyo hospitali haikumpokea tena, na kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu ambayo wote watatu walijifanya hawaisikii. Asubuhi hiyo Kitinda akamsindikiza, wakairuka kinga, wakasimama mbele ya karani.

Fomu ya kwanza Dakika aliijaza mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akigoma kusaidiwa. Palipoulizwa sehemu iliyoumia, maneno mengine yalitoka kama uzi uliofumuka. Lililosomeka lilikuwa moja.

"Hapa umeandika kulia," karani akasema. "Mambo ya kulia tunayaweka faili la ustawi. Faili lenyewe halina mtu wa kulisoma."

"Mkono wa kulia," Kitinda akasema.

"Mkono?" Karani akageukia kompyuta, akatafuta kwa utulivu. "Lakini mkono upo kazini. Juzi upo, jana upo, leo upo. Aliyeumia hahudhurii, dada. Mimi nitaandikaje?"

Akawapiga danadana mpaka saa ya chakula. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomchosha Kitinda kuliko kitu chochote.

Akamwacha kaka yake kwenye benchi, akashuka karakana. Mkono ulikuwa kazini, ukisukuma karatasi ngumu chini ya kisu na kuchomoka kabla hakijashuka. Ulikuwa na vumbi la karatasi mpaka kwenye kucha. Kitinda akaunyooshea wake.

"Twende nyumbani."

Ukamalizia karatasi iliyokuwa mezani, ukamshika. Njiani, magari yalipokaribia, ulimbana vidole kwa nguvu kupita kiasi, vilevile kama ulivyokuwa ukimbana akiwa darasa la kwanza, wakati Dakika ndiye aliyemvusha barabara kila siku. Dakika mwenyewe alitembea upande wa pili akitazama mbele. Kitinda alimwonea huruma.

Mama aliuosha mkono kwa maji ya uvuguvugu, akaukata kucha. Dakika akautazama sana.

"Umekonda," akasema.

Kesho yake kulipopambazuka ulikuwa umeshaondoka. "Hata ningekuwa mimi ningekwenda," Dakika akasema, na mama akaikunja taulo.

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka kwa msimamizi. Ilisema Dakika anahudhuria vizuri, ila kazi yake imeshuka nusu kwa sababu analeta mkono mmoja. Familia ilete wa pili kufikia Jumatatu, la sivyo ataachishwa kwa uvivu, na habari ya karatasi ya kuumia ifutike moja kwa moja.

Jumatatu Dakika akaanza kuvaa viatu.

"Kaka, kaa."

"Kile kisu hakina kinga."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia ukae."

"Wewe Kitinda, nimesema—"

"Mwache," mama akasema. Hakuinua macho. "Na wewe mwanangu, jikaze kisabuni, urudi na vyote kumi."

Kitinda akaenda. Alisimama mahali pa kaka yake, mkono ukiwa kuliani kwake, wakasukuma pamoja. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Kisu kilipotaka kushuka, mkono uliuacha upande wake, ukaurukia wa Kitinda, ukauvuta nyuma. Ikawa hivyo kila kisu kiliposhuka, mara elfu moja na ushee kwa siku. Jioni alirudi na alama za vidole vya kaka yake kwenye kifundo, na Dakika alizipaka mafuta kwa mkono wa kushoto. Karatasi haikuja. Kidonda mama alikiosha kwa maji ya chumvi.

Mwezi wa pili wa kazi hiyo akaja mkaguzi na fomu yake. Akasimama nyuma ya Kitinda.

"Mashine hii kinga yake iko wapi?"

Msimamizi akauonyesha mkono kwa kidevu. Mkaguzi akatazama kisu kikishuka mara tatu, na mara tatu mkono ukamvuta Kitinda. Akaandika kwamba kinga ipo.

"Iko upande gani? Fomu inataka upande."

"Kulia," msimamizi akasema.

Mkaguzi akaandika kulia, akapiga mhuri. Alipotoka alipitia ofisini kuaga, na mlangoni akainua mguu, akakiruka kile chuma.