Ada ya Sorcha

Attracta alipata habari akiwa kwenye foleni ya bucha, na aliyempa ni wifi yake Noreen, mke wa kaka yake Malachy.

"Orla wetu kapata, wifi! Ruzuku yote, ada na ya kujikimu!" Noreen alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, amelikumbatia furushi la soseji kama mtoto mchanga. "Na nyinyi je? Sorcha wameshamjibu?"

"Bado," Attracta alisema.

Alidanganya. Halmashauri ya Roscommon ilikuwa imewajibu tangu Jumanne, na Sorcha hakupata hata senti. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya ada za vyuo Ireland, kabla serikali haijaamua kuzilipa yenyewe, na ruzuku ilitolewa kwa kupima mapato ya wazazi. Mapato ya Attracta na mumewe yalikuwa yamevuka kiwango kwa pauni mia mbili na kitu. Attracta alijua zilikotoka hizo mia mbili. Zilitoka kwenye asubuhi zake tatu kwa wiki za kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno, kazi aliyoichukua makusudi ili binti yake aje asome.

Mumewe, Fintan, alifanya kazi kwenye kituo cha umeme. Kodi yake ilikatwa kabla hajauona mshahara, na kila pauni aliyoipata serikali iliijua kabla ya mkewe. Malachy alikuwa na shamba la baba yao, ng'ombe wa maziwa, maksai wa kuuza, na trekta jipya la bluu. Trekta hilo ndilo lililomsaidia. Mhasibu alitoa gharama yake kwenye mapato, akatoa na ya chakula cha mifugo na ya daktari wa wanyama, na alipomaliza kutoa, Malachy alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hilo ndilo lililomkera Attracta zaidi, maana kama angekuwa mwizi, angeweza kumshitaki.

"Lina redio, Fintan," alisema akisugua sufuria iliyokwisha takata. "Redio! Mtu anayehitaji msaada wa serikali anasikiliza mechi huku analima."

"Mwache kaka yako."

"Kwani nimemgusa?"

"Umemkalia kifuani tangu Jumanne, hapumui masikini."

Attracta hakucheka. Siku hizo alikuwa haoni kitu ila mali za wifi yake. Aliyaona makabati mapya ya jikoni kwa Noreen, akaliona koti la Orla lenye kola ya manyoya, akaona hata mbwa wao kanenepa. Na kilichomwuma kuliko vyote ni kwamba Sorcha na Orla walisoma dawati moja tangu wadogo, na kwenye mtihani wa mwisho Sorcha alimpita Orla kwa alama nyingi tu. Wote wawili waliitwa Chuo Kikuu cha Galway.

Jumapili, baada ya misa, Malachy aliwaalika kwa chai ya kumpongeza Orla. Kulikuwa na nyama ya nguruwe baridi, mkate wa ngano nzima na keki ya tufaha. Attracta alikula kidogo, akaangalia makabati sana.

"Shangazi," Orla alisema, mdomo umejaa keki, "mimi na Sorcha tumepata chumba cha watu wawili, karibu kabisa na chuo!"

Sorcha alishusha kikombe. "Mimi siendi mwaka huu. Nitafanya kazi hotelini kwanza."

Noreen ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Huendi vipi? Si kwenu mna mishahara miwili!"

"Ndiyo, miwili," Attracta alisema, "na yote inaonekana mchana kweupe. Mimi sina trekta la kujificha nyuma yake."

"Unatuita wezi, wifi? Mezani kwangu?"

"Sijasema wezi."

"Umesema. Sasa nisikilize. Fintan analipwa kila Alhamisi, mvua inyeshe isinyeshe. Akienda likizo analipwa. Akiumwa mgongo analipwa. Sisi mwaka juzi tulizika ndama kumi na mmoja, nani alitulipa? Akizeeka ana pensheni. Malachy akizeeka ana magoti mabovu. Unadhani mimi sikuonei wivu?"

Attracta hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu wa kumwonea wivu yeye. Kwa kitambo kidogo alifurahi. Kisha akaudhika, kwa sababu alihisi Noreen amemnyang'anya hata wivu wake. Alichukua mkoba wake akatoka, Fintan na Sorcha wakamfuata.

Jumatano jioni Malachy alibisha mlango wa nyuma. Alivua buti nje, akaingia na soksi zake zilizotoboka, akaweka bahasha juu ya meza.

"Nimeuza maksai mnadani," alisema. "Hiyo ni ada ya Sorcha na nusu ya chumba."

Attracta aliitazama bahasha. Ilikuwa nene. "Kumbe unazo!"

"Sina. Nilikuwa na maksai."

"Maskini gani huyo wa kuuza maksai akamsomeshea mwenzake mtoto? Unaona sasa? Umejishitaki mwenyewe, kaka. Ada ya mwanao unalipiwa na watu wanaokatwa kodi kama Fintan, kisha unakuja kunipa mimi sadaka!"

Malachy alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Dada, tusizungushane. Hujanikasirikia ruzuku peke yake."

"Nimekukasirikia nini kingine?"

"Ulipata nafasi chuo cha ualimu. Baba akakwambia subiri mwaka mmoja, pesa akajengea banda la kukamulia. Nilikuwa mkubwa, nilijua, nikanyamaza, kwa sababu banda lilikuwa langu na shamba lote lilikuwa langu. Wewe ukapewa kabati la vyombo. Naingia kwenye lile banda kila siku ya Mungu, unadhani sikumbuki?"

Kwa zaidi ya miaka ishirini Attracta alikuwa akimsubiri aseme maneno hayo. Alikuwa ameshayatunga hata majibu yake, ya upole, ya dada anayesamehe. Sasa yamesemwa, na alichokitaka ni kumzaba kofi. Alichukua bahasha akamsukumia.

"Rudi nazo. Sizitaki."

"Sikukuletea wewe."

"Mjomba, mimi nazitaka." Alikuwa Sorcha, amesimama mlangoni, mikono imejaa mkaa kwa kuwasha moto sebuleni.

"Sorcha!"

"Mama, wewe kasirika tu, sikukatazi. Mimi nataka kusoma." Alipangusa mikono kwenye sketi, akaichukua bahasha, akambusu mjomba wake shavuni na kumwachia alama nyeusi.

Attracta alimtazama Fintan amsaidie. Fintan alikuwa anamwaga chai.

Siku ya kuondoka, mwanzo wa Oktoba, Fintan ndiye aliyewapeleka wasichana Galway. Noreen alikuja na mikate miwili na mablanketi mawili mapya, moja jekundu, moja la kijani. Alipogeuka kumfunga Orla skafu, Attracta aliyashika yote mawili haraka haraka, apime lipi zito. Yalilingana.

"Asante, wifi," alisema mwishowe, kwa taabu. "Na Malachy mwambie asante."

"Mwambie mwenyewe. Njoo Jumapili."

"Nitaona."

Fintan alirudi giza likiwa limeshaingia. Alikuta chakula mezani na mkewe amesimama karibu na jiko, amekunja mikono.

"Wamefika salama?"

"Salama kabisa. Chumba kizuri, kidogo lakini kikavu. Vitanda viwili. Kimoja kiko dirishani, unauona mto, kingine kiko nyuma ya mlango."

"Cha dirishani kachukua nani?"

Fintan alimtazama akatikisa kichwa. "Walirusha sarafu. Sorcha."

Attracta alivuta kiti, akakaa, akajipakulia viazi na kipande kikubwa cha nyama. Alikula mpaka akamaliza, kisha akaongeza.