Hatua Sabini

Kama kulikuwa na kitu Florentine alichokiamini kuliko rozari yake, basi ni jedwali la vipimo. Kilomita, hektomita, dekamita, mita: kwa miaka thelathini na mmoja aliwaimbisha watoto darasani, na aliyechanganya mita na mita za mraba alikiona cha mtema kuni. Sasa alikuwa amestaafu, anakaa mtaa wa Kimanga, ng'ambo ya barabara, mahali palipoinuka kidogo, na mwaka huu ziwa lilikuwa limemrudisha kazini.

Maji yalikuwa yanapanda tangu mvua za Februari. Watu wa mstari wa mbele walikwisha kung'oa mabati yao na kuondoka. Waliobaki walikuwa na swali moja tu: tumebakiwa na siku ngapi? Na nani wa kuulizwa kama si Madamu? Basi kila asubuhi baada ya misa alishuka ufukoni, akavua kandambili, akahesabu hatua kutoka majini hadi mlango wa kila nyumba. Hatua yake ilikuwa sentimita sitini kamili. Alikuwa ameipima mwenyewe kwa rula. Ziwa lilikuwa linakula hatua mbili kwa siku. Aligeuza hatua kuwa mita, mita akazigeuza kuwa siku, kisha akaandika jibu kwa chaki mlangoni. Milango kumi na miwili. Wenye nyumba wakitazama zile namba, walilala usingizi.

Nyumba ya Libérate ilikuwa hatua sabini kutoka majini. Mita arobaini na mbili, siku thelathini na tano. Libérate, mjane aliyetoka Kiringye, alikuwa na sababu ya kuuliza mara mbili: binti yake Noella alijifungua Jumapili, na kwao mzazi na kichanga hawatoki nje kabla kitovu hakijaanguka. Siku ya Jumatatu shemeji yake alikuja na mkokoteni ili awachukue wote.

"Madamu, minye niko na woga," Libérate alisema. "Tutoke leo, ao tungoje kitovu?"

"Kitovu kinaangukaka kisha siku ngapi?"

"Saba. Munane."

"Na weye uko na makumi tatu na tano. Toa munane. Inabakia ngapi?"

Libérate alihesabu kwa vidole. "Makumi mbili na saba."

"Sasa unaogopa nini, Mama Noella?"

Libérate akacheka, akamwambia shemeji yake arudi na mkokoteni wake. Florentine alikwenda zake akiwa na raha moyoni. Hesabu si uganga, alijiambia, lakini inatuliza watu kuliko uganga.

Alhamisi asubuhi alipopita kuandika namba mpya, thelathini na mbili, Libérate alikuwa anaanika mkeka.

"Huyu mutoto anakojoa kama muntu mukubwa! Tangu jana mukeka inaloa, hata pembeni, pahali yeye halalake."

Wakacheka wote wawili. Florentine hakuuliza zaidi, na hilo ndilo lililokuja kumla roho baadaye.

Siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, Florentine akiwa amerudi kumjulia hali mzazi, alipita Térence, fundi mwashi, mwanafunzi wake wa zamani. Begani alibeba mpira wa kupimia, ule mrefu unaoonyesha ndani, ambao waashi huujaza maji ili kusawazisha misingi: ncha moja ukiishika hapa na nyingine kule, maji ndani yake husimama kimo kimoja. Aliitazama namba mlangoni kwa Libérate, akatazama ufuko.

"Madamu, hii ulipima namna gani?"

"Kwa miguu. Jumatatu hatua sabini, leo sitini na nne, sentimita sitini kila moja. Unataka nikufundishe tena?"

Térence hakucheka. "Lakini maji haitembeake, Madamu. Inapandaka. Hizi hatua zote zimelala chini. Kimo ni ngapi?"

Florentine aliitazama ile 32 mlangoni. Miaka thelathini na mmoja aliwachapa watoto kwa kosa lilelile: kipimo cha kitu kimoja kukitumia kwa kitu kingine.

Térence alikwenda na ncha moja hadi majini, akailinganisha na uso wa ziwa. Florentine aliingia na ncha ya pili chumbani mwa Noella, akaiegemeza ukutani. Maji ndani ya mpira yalipanda, yakashuka, yakatulia. Akachora mstari kwa chaki pale yaliposimama.

Mstari ulikuwa shubiri nzima juu ya sakafu. Kichanga kilikuwa kimelala mkekani, chini ya mstari huo.

"Rudisha vizuri!" alipiga kelele dirishani. "Umeinua sana!"

"Iko sawasawa na ziwa, Madamu!"

Basi akaelewa. Ufuko ulipanda hatua sita tu, hadi kwenye tuta la mchanga. Kutoka pale hadi mlangoni ardhi ilikuwa inashuka. Ziwa lilikuwa tayari juu ya chumba hiki, limezuiwa na mchanga tu. Na tuta lile, Térence alipolipima, lilizidi maji kwa vidole vinne. Florentine aliinama, akagusa sakafu chini ya mkeka. Ilikuwa imelowa, na haikuwa na harufu ya mkojo.

"Mama Noella, nilikosea," alisema. "Mutoke. Sasa."

"Na kitovu?"

Florentine alionyesha mstari ukutani. Libérate aliutazama, akamtazama mjukuu wake, kisha akamwinua. Noella alifuata akijishika ukuta. Kizingitini Libérate alisimama.

"Shemeji alikuja na mukokoteni, Madamu," alisema. "Alikuja." Akavuka barabara na mtoto kifuani, asigeuke tena.

Upepo wa kusini ulikuwa umeanza, ule unaotoka upande wa Makobola na kusukuma ziwa lote huku kwenye ncha yake ya kaskazini. Wimbi la kwanza lilipanda tuta, likasita, ulimi wake ukateleza upande wa pili. Térence alikuwa amekwisha kutupa mpira na kukimbilia nyumba za mwisho.

Mbele ya Florentine kulikuwa na milango mingine kumi na mmoja, na kila mmoja ulikuwa na mwandiko wake mzuri wa ubaoni: 29, 36, 33. Alikimbia hadi wa kwanza. Mzee Gédéon, ambaye miguu yake haikumbeba tena tangu Krismasi, alikuwa ameketi chini ya namba yake anamenya muhogo. Akamwona, uso ukamchangamka.

"Karibu, Madamu. Sasa tunabakia na siku ngapi?"