Fizi za Kwetu na za Dunia Nzima

Jana, baada ya chakula cha mchana, Mwanahawa alijinyoosha mkekani akaota ameshtakiwa na mswaki wake.

"Mheshimiwa, mama huyu ananipiga," mswaki ulilalamika. "Asubuhi ananipiga. Jioni ananipiga."

Hakimu alikuwa gego kubwa lenye miwani.

"Niliambiwa nipige mswaki," Mwanahawa alijitetea.

"Na nani?"

"Na mama."

Hakimu akayumba kitini. "Samahani, nimelegea," alisema. "Fizi iliyonishika imerudi nyuma. Mama aitwe."

Mara mahakama ni uani kwa mama yake, kule Turiani, enzi zile miwa ilipofika hadi nyuma ya choo. Mama, aliyefariki zamani, anamenya muwa kwa meno. Mwanahawa ni mtoto tena, ila amevaa miwani yake ya kusomea. Upepo unaleta harufu ya sukari inayopikwa kiwandani. Mama anamsengenya jogoo wa jirani, na wote wawili wanacheka hadi makapi yanamtoka mama mdomoni. Mwanahawa alikuwa amesahau kwamba kicheko kilikuwa kitamu hivyo.

"Haya, uma," mama anamwambia, akimpa pingili.

"Fizi zitatoa damu, mama. Siku hizi nikicheka naziba mdomo. Semkiwa anadhani nimemchoka."

"Umemwambia mumeo?"

"Naona aibu."

"Unadhani ni wewe peke yako?"

Mama akafungua mlango wa choo. Ndani mna ukumbi usio na mwisho, wenye kiti cha kila mtu mzima duniani. Karibu nusu ya viti vimekaliwa na fizi zilizovimba, zimetulia kama watu msibani. Za Brazili zinajipepea. Za Norwe zimevaa sweta. Kila moja imejifunika leso.

"Hazijuani?" Mwanahawa anauliza.

"Zitajuanaje, na kila moja imejificha?"

Mstari wa nyuma kabisa, fizi moja ikakohoa mara mbili, kisha ikaguna. Mwanahawa akageuka. Kikohozi kile anakijua.

"Ile ya wapi, mama?"

"Ya kwenu," mama alisema, akamsukuma begani, naye akaamka.

Jua lilikuwa bado kali. Huko nje mtu alikohoa mara mbili, kisha akaguna.

Mwanahawa akachungulia dirishani. Mumewe alikuwa amesimama bombani, anasukutua. Akatema. Mate yalikuwa na wekundu. Semkiwa akatazama kushoto na kulia, akayafukia haraka kwa mguu.

Mwanahawa akatoka. "Tangu lini, baba Zaituni?"

"Tangu lini nini?" Semkiwa akajibu, kiganja mdomoni.

Mwanahawa hakubishana naye. Alisimama mbele yake, akaachama juani, akamwonyesha fizi zote, za juu na za chini. Mumewe akainama, akachungulia kwa makini kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Kumbe na wewe," alisema taratibu. "Mimi nilidhani umeacha kucheka kwa sababu nanuka mdomo."

"Unanuka kidogo," alisema Mwanahawa, na kicheko kikamponyoka kabla hajakizuia, koo wazi, hadi jirani akachungulia uani.

Leo asubuhi wamekwenda pamoja kwa daktari wa meno. Wamekuta benchi limejaa.